Mtawa Aliyetumwa na Mwami

Mjukuu wangu Neema,

Pole na baridi ya Seoul. Huku mtaani La Rochelle, kusini mwa Afrika, tu wazima. Mama yako amepata chumba cha kushonea nguo jirani na spaza, duka dogo la mtaani, na magoti yangu bado yananivumilia.

Umeniuliza kwa nini wafalme wa Goryeo, huko Korea ya zamani, waliwatuma watawa wa Kibudha kuzungumza na wafalme wengine. Umenikumbusha mjomba wangu, Bruda Anselmi.

Nilipokuwa msichana kule Kivu, kulizuka ugomvi wa malisho, na watu wa mwami, yaani chifu, wa jirani wakatuteka mimi na wenzangu. Mwami wetu akamtuma mjomba, mtawa asiye na mke wala ng'ombe.

"Unataka nini kwangu?" mwami jirani alimuuliza.

"Kwa ajili yangu, sitaki kitu. Nataka watoto hawa warudi kwa mama zao."

Akaaminiwa. Lakini akaambiwa abaki yeye mpaka watawala wapatane. Alinifunga kitambaa changu vizuri kichwani, akasema, "Nenda, mwanangu. Usigeuke."

Nikageuka. Alikuwa anatupungia mkono.

Watawala hawakupatana, na mjomba hakurudi tena. Wazee walisema afadhali alitumwa mtawa, hana wa kumlilia. Mama yangu, dada yake, aliyasikia maneno hayo akiwa amenikumbatia, hajui alie au afurahi.

Ukisoma habari za watawa wale, mama, wakumbuke na dada zao.

Mungu akufunike,
Bibi yako Fazila