Wageni Wawili wa Bustani ya Entebbe

Buyenzi, Bujumbura
3 Septemba 1995

Dada yangu Sijaona,

Nakuomba kwa jina la Mungu, barua hii usimsomee mtu, hata shemeji Akilimali. Ukimaliza, itie jikoni iungue. Tajudini ameificha ndani ya kiti cha lori lake na hajui kilichomo.

Asalaam aleikum. Mama mzima, ni miguu tu inayomsumbua. Mimi pia mzima, ingawa usingizi umenihama. Watoto wako hawajambo?

Nina swali litakalokuchekesha. Ile bustani kubwa ya mimea hapo Entebbe, unayouza chai mlangoni mwake, mgeni anaingiaje? Inafunguliwa kila siku? Ni mti gani ambao mtu akitoka bila kuuona ataambiwa hakufika? Nieleze kama unamwelekeza kipofu.

Sababu ni hii. Sylvère, bwana shamba ninayekaa naye chumba kimoja ofisini Kigobe, ni Mhutu. Mwezi uliopita vijana wanaowasaka Wahutu walikuja kumtafuta kazini, na hakuna aliyewauliza wamepitaje getini. Kwa bahati alikuwa nje. Tangu siku hiyo yuko kwetu, nyuma ya pazia, katika chumba chako cha zamani. Mkuu wetu huniuliza kila asubuhi, "Twalibu, rafiki yako bado mgonjwa?" Kisha anatabasamu.

Nataka kumtoa kwa basi la wafanyabiashara wa huku Buyenzi, kupitia Kigali. Waislamu hawasumbuliwi sana njiani. Atavaa kanzu na kofia, ataitwa Shabani, kaka yangu. Tutasema tunakuja kukusalimu na kuiona bustani.

Mdogo wako,
Twalibu


Entebbe
14 Septemba 1995

Mdogo wangu Twalibu,

Waleikum salaam. Sisi wazima, kitinda mimba anaota meno na hatulali. Barua yako imeungua, maharage yameivia juu yake.

We una wazimu? Nani anavuka mipaka miwili kuangalia miti? Askari atacheka, halafu ataacha kucheka. Semeni mnakuja msibani. Au mwache avukie Uvira, upande wa Zaire, kama wenzake.

Lakini umeuliza, nakujibu. Bustani inateremka mpaka ziwani. Tiketi anakata mzee mmoja ambaye lazima umwamshe. Kuna miti minene ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Kuna sehemu matawi yamefunga juu, jua la mchana halifiki chini, na mbega wanaruka humo na mikia yao myeupe. Kila mti una kibao cha jina lake, kwa lugha ya mapadri. Mimi mwenyewe, miaka yote hii mlangoni, nimeingia mara mbili tu. Nikiingia, nani ataangalia birika?

Njooni Jumapili. Maharusi huja kupiga picha, watu ni wengi, hakuna anayemkodolea mgeni macho. Nitakuwa langoni nimevaa kitenge cha njano.

Mfundisheni vizuri huyo Shabani wenu.

Dada yako,
Sijaona


Buyenzi
25 Septemba 1995

Dada yangu,

Asalaam aleikum. Tunamshukuru Mungu, tunaamka. Meno ya mtoto yametoka?

Habari ya msiba haitafaa. Mimi sijui kudanganya, na Sylvère ananizidi kwa kutojua. Akiulizwa nani amekufa, ataanza kulia kweli, maana anao wengi. Na njia ya Uvira hapana, wanaolinda kizuizi cha barabara kule wanamjua kwa sura. Bustani angalau si uongo. Ameitamani tangu akisoma kilimo. Walikuwa na picha yake katika kitabu cha shule, na mwalimu aliwaahidi safari ambayo haikufanyika.

Barua yako aliniomba aisome kabla sijaichoma. Aliisoma hata nikamnyang'anya. Anauliza kama vibao vinaonyesha pia mti umetoka nchi gani. Jana alichora njia za bustani kwa mkaa sakafuni: lango hapa, ziwa kule, mbega wako pembeni. Mama akamkuta.

"Futa! Unataka kutuuza kwa kipande cha mkaa?"

"Mama, ni miti tu."

"Miti haina ramani nyumbani kwangu. Futa!"

Mama ndiye mwalimu wake. Kazi kubwa ilikuwa chakula, kwa sababu kila akikaa kula, mkono unapanda kwenye paji la uso. Mama akawa anakaa na mwiko. "We mwanangu, huo mukono unakwenda wapi? Bismillahi, basi, kula!" Sasa mkono umetulia. Anajua kutawadha, anajua kusalimu, Alhamdu anaisoma yote. Mama anasema, "Huyu anaswali kuliko Twalibu." Kwa mara ya kwanza nilimsikia Sylvère akicheka, nikamwambia apunguze sauti.

Tunaondoka Alhamisi tarehe 5. Inshallah, Jumapili tarehe 8 tutakuwa langoni.

Mdogo wako,
Twalibu


Entebbe
16 Oktoba 1995

Twalibu mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mko wazima?

Ile Jumapili nilivaa kitenge cha njano, mlinzi akaniuliza leo kuna sikukuu gani. Nilikaa mpaka lango likafungwa. Jana pia nilikaa. Nilikuwa nimemweleza mzee wa tiketi kwamba nina wageni wawili na mmoja ni msomi wa mimea. Akasema atawatembeza mwenyewe.

Kama mmeahirisha, sitawagombeza. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Sijaona


2 Novemba 1995

Dada Sijaona,

Asalaam aleikum. Mimi nina uhai. Mama pia anao. Hii ichome upesi kuliko zile.

Hatukufika hata kwenye basi. Pembezoni mwa mtaa wa Nyakabiga vijana walikuwa wameweka magogo barabarani. Walitutazama, wakatania, "Piteni, Waswahili, mutuletee biskuti za Uganda!" Tukapita. Tulikuwa tumekwisha kupita, dada.

Mara likaja gari limebeba jeneza, kinamama wa kanisa wakiimba nyuma yake. Watu wote wakasimama. Sylvère naye akasimama wima, akavua kofia, akaishika kifuani na kuinamisha kichwa. Ndivyo alivyolelewa. Katika yote Mama aliyomfundisha, hili hakuna aliyelifikiria.

"Ee, Shekhe!" mmoja akaita. "Tangu lini Mwislamu anavulia maiti kofia?"

Akairudisha kichwani haraka.

"Apana, apana. Vua tena, wenzangu waone."

Wakanigeukia. "Huyu ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Sylvère akaniangalia kama asiyenijua. "Huyu mutu mi simujui," akawaambia. "Tumekutana hapa barabarani."

Mimi walinipiga, wakaniacha. Yeye wakampeleka nyuma ya nyumba. Nilichosikia sitakiandika.

Kesho yake Mama alikwenda peke yake, na miguu ile. Aliwaambia, "Nipeni mwanangu." Wakampa. Amezikwa kwa sanda kama Shabani, kwa kuwa jina lake hatukuthubutu kulitaja.

Ofisini sirudi. Mkuu alimtuma mtu nyumbani kuuliza kama ugonjwa wa rafiki yangu umeniambukiza. Tangu hapo silali kwetu.

Ukitaka kunipata fanya hivi. Usitumie posta na usiandike jina langu popote. Mpe Tajudini barua. Sokoni Buyenzi, mbele ya gereji ya malori, kuna mwanamke anauza maandazi, anaitwa Assia. Tajudini anunue kwanza, ale, ndipo aseme anamtafuta fundi wa redio. Assia akimpa mkono, amwachie barua na aondoke, itanifikia. Akimjibu kwamba fundi amesafiri, asiulize amekwenda wapi. Akurudishie barua yako, na usimtume tena.

Mdogo wako