Namba Kumi na Saba kwenye Kinanda cha Baba

Mpumudde, Jinja
3 Februari 2025

Kwa Shangazi Gorreti,

Salamu kwako na kwa wote hapo Mbale. Natumaini goti lako lina nafuu tangu siku ya kikao. Sisi ni wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini sokoni anaenda.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe unaongea, mimi nanyamaza, halafu unasema, "Haya binti yangu, tumeelewana." Hatujaelewana. Barua hii nampa Matia wa gari la mkate, ambaye hufika kwenu karibu kila siku.

Umechukua kinanda cha baba. Kwenye kikao cha kugawa vitu vya marehemu, wazee walikuuliza unataka nini cha kumkumbuka kaka yako. Ukasema kinanda, na kabla sijameza mate Mzee Yekosofati alikuwa ameshaandika. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakuna aliyeniuliza. Mama alininong'oneza, "Nyamaza, huyo ni shangazi yako." Nikanyamaza. Miezi miwili sasa kifua kinaniwaka.

Unajua kinanda kile ni nini? Kimetengenezwa miaka ya themanini. Ndani hakina spika. Bila amplifaya ni ubao mzito tu. Hakina ngoma za kujipiga zenyewe. Lakini kila sauti yake hutengenezwa kwa mawimbi manne, moja likilitikisa jingine. Baba alinionyesha kwa beseni la maji na vidole vyake viwili. Ukitikisa kidogo unapata filimbi, ukizidisha unapata kengele, ukizidisha tena unapata bati linaloanguka. Kina nafasi thelathini na mbili za kuhifadhi sauti. Zote alizitengeneza yeye, akazipa majina. Hakuna duka lenye sauti hizo.

Tena hakihisi nguvu ya kidole. Ukipiga kwa hasira, ukipiga kwa upole, mlio ni ule ule. Siku nyingi nilirudi kutoka shule nimechukizwa na watu, nikakipiga kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyejua.

Naomba kirudi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Phanice

*

Mbale, Industrial
9 Februari 2025

Phanice mtoto wa kaka yangu,

Nimepokea barua, na mkate ambao sikuagiza. Mwambie mama yako asante, na anywe maji ya moto yenye tangawizi. Goti langu ni lile lile.

Sasa wewe. Mtoto ambaye ukiombwa kusali kabla ya chakula unatafuta kijiko chini ya meza, leo unaniambia "hatujaelewana"? Shule imekufundisha kumbe!

Kinanda nimekitoa kwa kanisa letu hapa. Vijana wa kwaya walicheka kwanza. Mmoja akasema, "Mama Gorreti, hiki ni cha kupigia au cha kuanikia nguo?" Jude, fundi wetu wa redio, akakiunganisha na spika kubwa, akapiga zile kengele za baba yako. Wakaacha kucheka. Vioo vya dirisha vilitetemeka.

Wewe ulikuwa unakipiga na vidude masikioni. Mama yako mwenyewe hajawahi kukusikia. Muziki usiosikika una faida gani? Hapa watu mia mbili wanasikia. Kimeombewa, kimewekwa wakfu. Unataka niende kumnyang'anya Mungu?

Tafuta kazi, au omba chuo. Acha ugomvi na wakubwa.

Shangazi yako,
Gorreti

*

Mpumudde
12 Februari 2025

Kwa Shangazi,

Salamu. Mama amekunywa tangawizi, anashukuru.

Kanisa lenu halikukaa na baba kwenye chumba chake cha kinanda. Mimi nilikaa. Nilishika tochi akichomelea waya, nikajifunza kila kitufe. Sihitaji watu mia mbili ili kitu kiwe changu.

Kinanda kile hutoa noti nane tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza ya tisa, moja kati ya zile nane inakatika ili ipate nafasi. Ndivyo kikao kile kilivyokuwa. Nyinyi mlijaa, mimi ndiye niliyekatwa.

Lakini kama kitakaa huko hata wiki moja zaidi, tafadhali msomee Jude haya. Kwanza, kile kitufe cha kulinda kumbukumbu kisiguswe. Pili, ndani kuna betri ndogo ya duara. Hiyo ndiyo inayoshika sauti za baba umeme unapozimwa. Kile kioo chake kidogo cha maandishi kitaandika kwamba betri imechoka. ASIITOE. Akiitoa kabla sauti hazijahifadhiwa pengine, zote zinapotea, na hakuna wa kuzirudisha. Msomee mpaka mwisho.

Phanice

*

Mbale
20 Machi 2025

Phanice,

Mko salama? Nimekaa kimya kwa sababu nilikosa namna ya kuanza.

Wiki iliyopita kioo kiliandika habari za betri. Jude ni mtu mwema, nusu ya mtaa huu inasikia taarifa kwa mikono yake. Akakifungua kinanda, akafuta vumbi lote, akatoa betri ya zamani, akaweka mpya. Hata malipo alikataa. Tulipokiwasha kikalia kama paka aliyeingia ndani ya ndoo. Majina yote yamekwenda. Kwenye kioo kuna alama za ovyo tu.

Utaniuliza kama nilimsomea. Nilimsomea nusu. Nilipofika pale pa kikao nilikasirika, nikaikunja barua nikaitia kwenye mkoba. Ya betri yalikuwa chini.

Jude amelia, Phanice. Mwanaume mzima.

Shangazi yako

*

Mpumudde
22 Machi 2025

Shangazi Gorreti,

Leo sina salamu.

Baba alichukua miaka thelathini kutengeneza sauti zile, na wewe umezipoteza kwa sababu uliudhika na mistari mitatu. Mwambie Jude aache kulia, kosa si lake. Ni lako. Mama amesoma barua hii juu ya bega langu, amesema niifute hiyo sentensi. Siifuti.

Na nikuambie jambo jingine. Siku ya kikao, kabla kinanda hakijapakiwa kwenye pikapu yako, nilichomoa kaseti moja kwenye boksi lake. Ndiyo, niliiba, na niliposema hakuna wa kuzirudisha nilikudanganya. Ukiiweka kwenye redio inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye mkebe, ungedhani imeharibika ukaitupa. Ule mlio ndio sauti zote thelathini na mbili. Baba alizirekodi hivyo ili siku moja kinanda kikisahau, kisikilize kaseti na kukumbuka.

Kaseti ninayo mimi. Mbale siileti, na Matia simpi. Kaeni na paka wenu kwenye ndoo.

Phanice

*

Mbale
6 Aprili 2025

Wewe Phanice,

Nilitaka nisijibu. Nimepika, nimefua, nimeshindwa. Basi na mimi sina salamu.

Unasema chako, chako. Umewahi kujiuliza kilinunuliwaje? Mimi na baba yako Ignatius tulikuwa na bendi ya harusi. Yeye anapiga, mimi naimba, Bugembe hadi Tororo. Alikuwa na kiogani kidogo cha kuazima. Aliposikia kuna kinanda hiki kinauzwa Kisumu, niliuza cherehani yangu. Cherehani, Phanice, kitu pekee nilichokuwa nacho. Tulikibeba pamoja, yeye kichwa, mimi miguu, kama maiti, na polisi wa mpakani wakatuuliza nani amekufa. Tulicheka mpaka Busia nzima ikatutazama.

Kisha nikaolewa. Afande Obura, Mungu amrehemu, alisema mke wa askari magereza haimbi mbele ya walevi. Nilisubiri kaka yangu aseme neno. Moja tu. Hakusema. Alikuwa kama wewe, ananyamaza halafu anaingia chumbani kupiga kinanda. Nilisubiri miaka thelathini na mbili, akafa hajasema.

Ndiyo maana nilikiomba. Nilitaka angalau kilie mahali ninapoimba mimi. Kwaya ya kanisa ndiyo bendi iliyonibakia.

Kaa na kaseti yako.

Gorreti

*

Mpumudde
10 Aprili 2025

Kwa Shangazi,

Nimesoma barua yako mara nne. Nimekasirika zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia habari za cherehani. Nimemuuliza mama. Amesema, "Mimi nilikuta imeshauzwa," akaendelea kuchambua maharage. Familia hii!

Sikutaka kukuandikia hili. Nimekaa nalo siku mbili nikisema moyoni, acha na yeye ateseke. Ndani ya jalada la kaseti kuna karatasi ya majina, mwandiko wa baba, wino wa buluu. Namba moja KENGELE. Namba mbili MVUA BATI. Namba tisa NAFUNA, kwa ajili ya mama. Namba kumi na saba imeandikwa GORRETI.

Nilidhani ni jina la yule mtakatifu. Sauti yenyewe naijua kuliko zote. Ni nyembamba, ina mkwaruzo kidogo mwanzoni, halafu inafunguka. Alikuwa akiirekebisha kila mwaka; pembeni ya jina kuna tarehe nyingi, ya kwanza ni 1993 na ya mwisho ni mwaka jana, Agosti, akiwa tayari mgonjwa. Nilimwuliza kwa nini haimalizi. Alisema, "Bado haijafanana."

Sasa unajua. Ukitaka kuisikia, kilete kinanda Jinja. Si kaseti itakayosafiri.

Phanice

*

Mbale
30 Aprili 2025

Phanice mwanangu,

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikaomba kinanda kirudi. Mzee mmoja alisema zawadi ya Mungu hairudishwi. Nikamwambia Mungu ana vinanda vingi, mimi nilikuwa na kaka mmoja. Wamenikasirikia. Topista wa safu ya mbele hanisalimii tena. Wasinisalimie.

Jumamosi nakuja na Matia, kinanda kati ya mikate. Msinipikie. Sitaki maneno kabla ya kuisikia namba kumi na saba.

Shangazi yako

*

Mpumudde
4 Mei 2025

Kwa Shangazi Gorreti,

Natumaini ulifika salama, na kwamba goti halikukusumbua kwenye lile gari. Hapa kinanda kinanukia mkate.

Naandika kwa sababu ulipoondoka jana nilisimama getini nikashindwa hata kusema kwaheri. Ulidhani bado nimenuna. Nilikuwa nimenuna kweli, lakini si hilo lililonifunga mdomo.

Kaseti ilipokataa mara ya kwanza na kioo kikaandika kosa, uliketi ukasema, "Basi, ameamua kunyamaza." Nilitaka kukupigia kelele. Baba hakuamua kitu, ni kile kichwa cha redio kinachosoma kaseti kilichokuwa kichafu. Ndiyo maana nilikisafisha kwa spiriti bila kukutazama. Ilipokubali mara ya pili, mama akiwa ameziba masikio kwa ule mlio wa nyuki, nilibonyeza kumi na saba mara moja ili usipate nafasi ya kuongea.

Uliweka mkono juu ya kinanda. Nilipiga ule wimbo wenu wa kumtoa bibi harusi, ninaoujua kwa sababu baba aliupiga peke yake kila Jumapili. Ukafungua mdomo, ukaufunga. Ukasema, "Amenipandisha juu sana. Huyo ni Gorreti wa zamani. Sifiki tena."

Kuna kitufe kinachoshusha noti zote kwa pamoja, vidole vikibaki pale pale. Nilishusha hatua moja. Ukatikisa kichwa. Nilishusha ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano uliimba.

Sijakusamehe ya kikao. Labda mwakani. Kinanda hakirudi Mbale, na Jude akitaka kujifunza habari za betri aje hapa nimwonyeshe. Nimeandika tarehe ya jana kwenye karatasi, pembeni ya jina lako, chini ya ile ya Agosti, pamoja na zile hatua tano.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba mama atakuwa kwenye harusi Iganga, na mimi nitakuwa nyumbani. Vidude vya masikio nimevitoa, kinanda nimekiacha kwenye spika ya redio. Njoo na maneno ya ubeti wa pili. Baba hakuyaandika popote.

Mtoto wa kaka yako,
Phanice