Nyota Aliyoiona Njoroge

Nakuru, Jumanne jioni, Aprili 1954

Mvua inanyesha tangu saa tisa. Kilele cha Menengai hakionekani. Nimewasha taa mapema, chakula kimepoa mezani na sina hamu nacho.

Njoroge amechukuliwa.

Nimeandika hivyo nikidhani nikiona kwa wino nitaamini. Bado siamini.

Tunafundisha shule moja hapa Lanet, yeye hesabu, mimi jiografia. Darubini ilikuwa wazo lake. Kioo chake tulikisugua kwa mikono likizo mbili nzima, mpaka mke wake, Wambui, akatuuliza kama tumekioa. Tangu hapo, kila jioni isiyo na mawingu, kabla ya kafyu, saa ya kutotoka nje, tunatazama galaksi zilezile. Ni makundi ya nyota yaliyo mbali mno. Kwetu kila moja ni doa tu la ukungu. Njoroge alikuwa akingoja siku nyota moja ilipuke ndani ya doa mojawapo, ing'ae hata sisi tuione.

Jumamosi ikatokea. Alinishika bega kwa nguvu hadi nikaumia. "Wekesa, hii haikuwako!" Nikainama. Kabla sijaona kitu, wingu likafunika.

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Nukta iliyoonwa mara moja si kitu. Inaweza kuwa sayari ndogo inayopita, au macho yaliyochoka. Lazima mtu wa pili aione, jioni nyingine, na iwe haijasogea. "Kesho utaiona wewe," aliniambia. Alienda kwake akicheka peke yake.

Jumapili alfajiri malori ya askari yakaja kusaka wafuasi wa wapiganaji wa msituni. Wakikuyu wote wa mtaa wetu walitolewa nje, wanaume huku, wanawake kule. Askari akaangalia kipande changu cha utambulisho, akaona mimi ni Mluhya, akanirudishia. Nikabaki nimesimama mlangoni.

Jioni nilitoa darubini peke yangu. Nilijihisi kama mwizi. Lakini anga lilikuwa safi, na ndani ya doa lile kulikuwa na nukta nyeupe, pembeni kidogo ya katikati, hasa pale alipokuwa ameniambia.

Niliiona. Sikuwa na wa kumwambia.

Jana nilienda posta na telegramu ya kupelekwa kwa wataalamu wa nyota kule Afrika Kusini. Jina la Njoroge mbele, langu nyuma, kisha namba za mahali ilipo. Karani, Mhindi mmoja mpole anayenijua, aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, jina la Kikuyu na namba zote hizi? Wakubwa watasema ni siri za watu wa msituni."

"Ni nyota, bwana."

"Mimi nakuamini. Wao je? Ondoa jina hilo, pengine nitajaribu."

Nikachukua karatasi yangu nikatoka. Kumwondoa sikuweza.

Leo mchana nikasikia waliokamatwa wanapakiwa malorini kutoka uwanja uliozungushiwa seng'enge. Niliacha darasa nikakimbia. Walikuwa wamechuchumaa, mikono kichwani. Nilimtambua kwa fulana aliyochukuliwa nayo kitandani.

"Njoroge! Ipo!"

Akainua kichwa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba.

"Haijasogea?"

"Haijasogea hata kidogo!"

Akafumba macho. Nadhani alitabasamu, ila kwa uvimbe ule sijui. Askari akampiga mgongoni kwa kitako cha bunduki, kwa sababu ya kelele zangu. Kisha wakampandisha lori.

Hakuna anayejua wanapelekwa wapi. Wambui na watoto wanasafirishwa kesho kwenda rizavu, eneo lililotengewa Wakikuyu, mahali ambapo hawajawahi kuishi hata siku moja.

Na nyota itafifia. Masika ndiyo kwanza yameanza. Mawingu yakija kuondoka huenda isionekane tena. Ililipuka kabla babu zetu hawajazaliwa, mwanga wake ukasafiri muda wote huo, ukafika wiki hii. Kwa nini wiki hii? Nimekaa hapa nikitafuta maana yake na sioni yoyote.

Mwalimu mkuu amesema kesho nishike darasa la Njoroge. Nusu ya madawati yatakuwa wazi. Watoto watakaokuwepo wataniuliza wenzao wako wapi, na mwalimu wao yuko wapi.

Nitasimama mbele yao niseme nini?