Usiondoe Mbao

Kenton, London
Tarehe 9 Oktoba, 1972

Kaka Lawrence mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi na watoto. Je, mguu wa mama unaendeleaje? Na vuli imeanza huko Mgange, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hautulii. Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Tatu za kwanza nimezichana.

Bila shaka umeshapata telegramu niliyotuma juzi: USIONDOE MBAO NGOJA BARUA. Najua ilikushtua, na najua wazee wa kanisa walikuuliza maana yake. Barua yenyewe ndiyo hii. Tafadhali isome yote kabla hujapanda tena jukwaa la ujenzi, na mbao zinazoshikilia dari la kanisa zibaki zilipo, hata kama Padri anakuhimiza.

Nianzie Ufaransa, maana huko ndiko jambo hili lilikotoka. Unakumbuka Julai ya mwaka jana Bwana Pemberton, yule mzee msanifu majengo wa Walthamstow ninayemchorea, alinichukua mimi na mkewe twende kupima makanisa madogo ya mashambani kwa ajili ya kitabu chake. Tulizunguka wiki tatu kwa gari lao dogo, tukapima makanisa kumi na moja. Mimi nilishika ncha moja ya utepe, Bibi Pemberton akashika nyingine, mzee akaandika.

Ungeyapenda, kaka. Mengine hayazidi darasa moja la shule. Wakulima waliyajenga wenyewe miaka mia nane iliyopita, kwa mawe waliyookota shambani, kwa sababu kanisa la parokia lilikuwa mbali, na wakati wa theluji wagonjwa walikufa bila kuonana na padri. Mnara hawakuumudu, kwa hiyo ukuta wa mbele waliupandisha kupita paa wakautoboa tundu la kengele. Madirisha ni membamba, mkono tu unapita. Nyuma ya madhabahu ukuta unapinda nusu duara, kuelekea mashariki, ili jua la asubuhi liingie wakati wa misa. Na juu hakuna boriti. Dari ni mawe matupu, limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Yalipokuja mapinduzi yao, makanisa mengi yaliuzwa yakawa mazizi. Moja tulilikuta bado lina pete za kufungia ng'ombe, chini ya picha ya Bikira Maria iliyofifia.

Kanisa la mwisho lilikuwa kilimani, na ufunguo wake ulitunzwa na mjane mmoja, Bibi Faure. Ndani, vyuma viwili vinene vilikatiza juu ya vichwa vyetu kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuvipenda, niliona vinaharibu dari. Bibi Faure alitueleza, mzee akinitafsiria, kwamba dari la mawe halilali tu juu ya kuta, linazisukuma nje siku zote, na kwamba babu yake, mhunzi, ndiye aliyevipitisha vile vyuma kuta zilipoanza kuachana. Na kuta zenyewe zilikuwa nene futi nne. Jioni mzee aliniambia nisivichore, kwa sababu kitabuni alitaka kanisa lionekane kama siku lilipokamilika.

Basi ilipofika barua yako ya Agosti ile, kwamba kigango kimepata kiwanja cha kanisa na wazee wamekubali ulijenge kwa mawe, niliona furaha isiyo kifani. Nikanakili mchoro wa kanisa la kilimani na kukutumia. Bila vyuma.

Ijumaa iliyopita picha yako ikafika. Umesimama mlangoni na mwiko mkononi, dari limekwisha, mbao zote ziko chini yake, na nyuma umeandika kwamba utazitoa katika mkesha wa Watakatifu Wote, mwisho wa mwezi huu, na kwamba mama ameshachagua pa kukaa. Nilishuka nayo mbio dukani kumwonyesha Mama Champa, mwenye nyumba wangu, yule niliyekuambia kwamba alikuwa na duka Voi. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza:

"Dinah, huu ukuta mbona umetoa tumbo?"

Nikamwambia ni kamera. Akavaa miwani, akachukua rula kwenye meza ya duka na kuilaza juu ya picha.

"Mlango umesimama sawa," akasema. "Ukuta ndio umelala."

Jumamosi asubuhi nikaenda Walthamstow. Pale Oxford Circus ninapobadilisha treni, niliacha treni tatu zipite. Nilitaka kurudi. Mara naitoa picha kwenye mkoba, mara nairudisha. Nilipofika, Bwana Pemberton alifurahi mwanzoni, akamwita mkewe aje aone kanisa la Ufaransa katika milima ya Taita. Halafu akaisogeza picha karibu na dirisha. Akauliza vyuma viko wapi. Nikamjibu havipo. Akauliza kuta zina unene gani. Nikamwambia futi mbili.

"Nani aliukagua mchoro wa kanisa hili?"

"Niliwaambia ni wewe."

Kaka, sasa nimefika pale kalamu ilipokuwa inapakwepa. Februari uliniuliza waziwazi kama futi mbili zitatosha, maana kubeba mawe kutoka mtoni kumewachosha watu. Nikakujibu kwamba Bwana Pemberton ameukagua mchoro na ameridhika. Hakuwahi kuuona. Sikumwonyesha kwa sababu niliogopa atasema hapana. Vile vyuma nilivijua na maneno ya Bibi Faure niliyakumbuka, lakini ulikuwa umeshawaambia wazee kwamba mdogo wako amesomea mambo haya, nami sikuweza kukuandikia kwamba sijui. Nikatumia jina la mtu mwingine kufunika ujinga wangu, na wewe ukajenga juu ya jina hilo.

Mzee hakunifokea. Aliuliza tu kama mbao bado zipo. Nilipomwambia zipo, alichukua koti, mkewe akatupeleka kwa gari mpaka posta, nikatuma ile telegramu kabla haijafungwa. Kisha alipiga hesabu mpaka saa kumi na moja jioni. Hakunifukuza, ila michoro yangu yote kumi na moja ataipima upya mwenyewe. Ana haki.

Ndani ya bahasha hii utakuta mchoro wake, safari hii na sahihi yake ya kweli. Kila upande wa nje jenga nguzo nne za kuegemeza ukuta, pana futi tatu chini, zikipungua kwenda juu. Pitisha vyuma vitatu pale dari linapoanza kupinda. Chokaa ikauke miezi mitatu kabla hujagusa mbao. Ning'iniza uzi wa timazi ukutani na uweke alama kila Jumatatu. Ukuta ukizidi kutoka hata upana wa kidole, basi mteremshe mawe ya dari, mkianzia juu katikati, pande zote mbili sawasawa, muezeke mabati. Hakuna aibu katika mabati. Misa ya Watakatifu Wote isomwe nje, na mama asiingie humo kufagia. Nakusihi sana hilo la mama.

Tena naomba uwasomee wazee barua hii, hasa sehemu inayonihusu. Wasije wakasema fundi Lawrence hajui kazi. Uliuliza swali la fundi anayejua kazi, na jibu la uongo lilitoka kwangu. Ukinikasirikia nitaelewa, lakini kwanza nitumie telegramu, hata ya neno moja, nijue kwamba mbao zimebaki. Tangu juzi kila mlango wa duka unapofunguliwa nashuka ngazi, na Mama Champa ananirudisha juu.

Msalimie wifi, wabusu watoto, mwambie mama namwombea mguu wake. Mama Champa naye anawasalimu, anauliza kama Voi bado kuna vumbi lile.

Ni mimi mdogo wako, niliyejua nikanyamaza,

Dinah Wakesho