Bibi Arusi Hasukumwi

Mjukuu wangu Neema,

Natangaza rasmi kwamba kijiko changu cha chai, kile nilichokulalamikia kuwa kimepotea, kimepatikana. Marahaba. Bibi yako mzima, anakusalimia.

Unauliza kama niliwahi kushinda chochote. Ujanani, gereji yetu ya Ilala ililetewa gari la spoti la zamani, la kumbeba bibi arusi mchana huohuo. Stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa.

"Tutalisukuma," nikasema.

Shangazi wa bibi arusi, aliyelileta gari, akanitazama. "Bibi arusi hasukumwi, fundi."

Stata nyingine tukaipata Kariakoo, lakini bolti ya mwisho ilijificha nyuma ya injini. Niliichungulia mpaka shingo ikakakamaa. Mwishowe nikafumba macho, vidole vikaiona. Gari likanguruma, mtaa mzima ukapiga vigelegele.

Lakini gauni la bibi arusi halikuenea ndani ya gari.

Babu yako