Arobaini na Nne ya Mwalimu Mkuu

14 Novemba

Wamemkataa Pini! Mwanao, mjukuu wangu, mtoto mwenye akili kama wembe, wamesema arudi chekechea akakae na vitoto vinavyolilia chupa!

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Mgongo unaendeleaje na hayo mashuka ya hospitali unayopiga pasi kutwa nzima? Sisi wazima wa mwili, ila roho yangu inachemka kama birika.

Sikiliza. Mimi shule niliishia la nne, sifichi, lakini nimeushonea mtaa mzima. Na Pini nimemfundisha mwenyewe, hapa hapa kando ya cherehani. Nafungua daftari la vipimo, nagusa tarakimu, namwambia, "Hii thelathini na sita, kiuno cha shangazi." Anashika palepale! Na vile vikaratasi ninavyobana kwenye nguo za wateja anavisoma vyote: LEO, KESHO, TAYARI, BADO. Mtoto wa miaka sita! Niambie nani mwingine mtaani.

Jana tukaenda usaili wa darasa la kwanza. Ukumbi umejaa wazazi, pa kutia mguu hapana. Mwalimu mkuu, yule mama mwenye miwani, mteja wangu wa siku nyingi, akainua kadi: 44. Pini hakungoja.

"Kiuno chako, mwalimu!"

Ukumbi mzima kicheko. Mwalimu mkuu akakunja uso, akaandika kwenye fomu: Hajui namba. Hajui? Nikasimama nikasema, "Mwalimu, mtoto kasoma sawasawa. Mimi ndiye niliyepima!"

Wakazidi kucheka, sijui kwa nini. Tukatolewa nje kama wezi wa kuku. Gauni jipya la huyo mwalimu mkuu ninalo hapa, mikono haijashonwa, na haitashonwa!

Mimi mama yako

25 Novemba

Shikamoo mama. Natumai hasira zimepoa na miguu haivimbi. Mimi sijambo, mgongo unavumilika.

Barua yako nimeisoma mapumzikoni. Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini, kisha nikaingia chooni nikalia. Mama, ulisimama mbele ya watu ukathibitisha! Wewe uliyeniapisha nikiwa na miaka kumi kwamba kipimo cha mteja hakitoki nje ya mlango?

Wamemwonea Pini, na mimi naumia kama wewe. Akirudi chekechea mwaka mzima, wenzake wote anaocheza nao watamtangulia, na unamjua alivyo na kinyongo, atasusa shule kabisa. Lakini hasira yetu haitamvusha. Nakuomba jambo moja. Chukua chaki, mwandikie 44 sakafuni, daftari likiwa limefungwa. Kisha mwandikie 7. Uniambie amesema nini.

Na mikono ishone, mama.

Mwanao

4 Desemba

Hujambo mwanangu. Sisi hatujambo.

Nilikataa kukujibu. Barua yako niliikandamiza chini ya pasi siku tatu. Mimi niliyekushikisha penseli ya kwanza, leo nifundishwe kufundisha!

Siku ya nne nikachukua chaki. Nikaandika 44. "Ya mwalimu mkuu," akasema, bila wasiwasi. Nikaandika 7. Akaizunguka, akaitazama upande huu na upande ule, akaniuliza, "Bibi, hii ya nani?"

Mwanangu, nani ana kiuno cha inchi saba? Nimelipekua daftari zima, linaanzia ishirini na mbili! Mtoto anajua thelathini na tisa, anajua hamsini, tatu haijui. Nilikaa kwenye kiti sikuinuka hata mteja alipobisha hodi. Na hili likitoka nje nitajua limetoka kwako.

Sasa nimekata vitambaa kumi. Kimoja kina kifungo kimoja, kingine viwili, mpaka kumi, na tarakimu nimeitarizi pembeni kwa uzi mwekundu. Anagusa vifungo, anahesabu, kisha anaifuata tarakimu kwa kidole. Kwa yale maneno madogo ya kila siku, NA, YA, KWA, HII, nimeandika kadi, tunayawinda kwenye gazeti la kufungia nguo. Jana kakamata NA kumi na tisa. Akili za nani hizo kama si zangu?

Lakini kwa yule mama siendi. Kuandika "hajui namba" ni uongo! Angeandika "anajua kubwa, ndogo hajafika," hapo ningenyamaza.

Mama yako

9 Desemba

Shikamoo mama. Naandika nimesimama, zamu inaanza. Nimepiga simu shuleni: orodha ya darasa la kwanza inafungwa Ijumaa tarehe 15. Nenda, mama. Kama si kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya Pini.

Mwanao

18 Desemba

Amepita! Jina limeandikwa kwa wino, nimeliona kwa macho yangu mawili!

Hujambo mwanangu? Mimi leo sina pa kuumwa.

Sikwenda. Alikuja mwenyewe Jumatano, kufuata gauni. Mikono ilikuwa imeshashonwa, usiniulize lini. Akamkuta Pini mkekani na vitambaa vyake. Akaokota chaki, akaandika 7.

"Saba."

Akaandika 44. Pini akanitazama, nami nikajifanya natafuta sindano.

"Arobaini na nne."

"Ya nani?" mwalimu akauliza, sauti kavu.

"Ya mtu yeyote."

Akaandika HII, akaandika KWA, mtoto anasoma tu kama anakula karanga. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akatoa fomu na orodha mkobani. Nikamwomba radhi kwa kusimama kule ukumbini. Mara moja, kwa sauti ndogo. Yeye hakuniomba! Lile neno "Hajui namba" alilikata kwa mstari tu, hata "nilikosea" hakusema, na mpaka sasa linaniwasha kama upupu. Lakini kalikata mbele ya mtoto, na mtoto kaona.

Sasa sikiliza. Ukumbi ule ulimcheka, basi ukoo huu utamsindikiza. Baba yako nimemshonea suruali. Shangazi yako anakuja, dada yako na mumewe wanakuja. Mwambie msimamizi mashuka hayana miguu, yatamngoja. Langoni pa shule, saa moja na nusu asubuhi, asikosekane mtu: Jumatatu, tarehe nane Januari.

Mama yako, bibi yake Pini