Kikapu cha Mkono wa Kushoto

Sagalla,
Jumapili jioni

Shangazi Edith,

Shikamoo. Huku maji bado ni ya kubeba, na Baba hatimaye amejua kupika pojo bila kuziunguza. Masta yangu ya historia ya sanaa imefika mwaka wa pili. Wale waliocheka eti nasomea vikapu, sasa wananiletea vikapu vyao nivitazame.

Juzi, kwenye stoo ya makumbusho Nairobi, nilionyeshwa kikapu cha mkonge chenye kibandiko: "Msusi hajulikani." Nikakipindua. Kitako chake kimezungushwa kinyume na vikapu vyote vya huku kwetu. Aliyesuka kwa mkono wa kushoto alikuwa Nyanya peke yake. Ni kile alichokusukia ulipoolewa, ulichotuambia kililiwa na mchwa.

Sikulaumu. Ila jina la Nyanya litaandikwa, na watu wa makumbusho wanataka shahidi aliyemwona akikisuka. Umebaki wewe tu. Fomu nimeitia humu kwenye bahasha. Nafasi ya msusi nimeijaza mwenyewe. Ile ya namna kilivyotoka nyumbani nimekuachia wewe.

Mwanao asiyesahau,
Mable